Heshima kwa Anayeanguka

Hapa kwetu Tunguu, usiku vijana hukusanyika mbele ya televisheni ya dukani kutazama mieleka ya Marekani, nami hujikalia barazani nikisikiliza. Juzi mmoja wao alimnyooshea kidole mtu aliyelala chali ulingoni, akasema: "Huyu kalipwa ili aanguke. Hana haya?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwani kauli hiyo nimekwishaisikia kwa watu wazima, tena wasomi: kwamba mieleka ni uongo, na anayeshindwa ni mwongo mdogo aliyenunuliwa na mwongo mkubwa. Naipinga.

Kwamba matokeo hupangwa si siri. Mwaka 1989 kampuni ya WWF yenyewe iliwaambia watunga sheria wa jimbo la New Jersey kuwa mchezo wake ni burudani, ili ikwepe masharti ya michezo ya mashindano. Anayejivunia kuifichua siri hiyo leo amechelewa. Suala la haki ni jingine: ikiwa wote wawili ni waigizaji, kwa nini mmoja tumvike taji na wa pili tumtemee mate?

Tumtazame S. D. Jones, mtu wa Antigua, mwana wa visiwa kama sisi. Tarehe 31 Machi 1985, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kwenye WrestleMania ya kwanza, alipewa kazi ya kushindwa na pande la mtu liitwalo King Kong Bundy. Ikatangazwa kuwa ameshindwa kwa sekunde 9. Atakayeipima picha ile kwa saa ataona zilipita zaidi ya 20. Yaani hata zile sekunde chache alizosimama, walimpunja! Bundy alitakiwa aogopwe, na hofu hiyo ikajengwa juu ya mgongo wa Jones. Alifariki mwaka 2008. Katika waliomshangilia Bundy, wangapi waliuliza habari zake?

Wala kuanguka si kazi ya mzembe. Anayeinuliwa hana budi kuruka pamoja na anayemwinua, maana mzigo unaokataa kubebwa humwangusha mbebaji. Akitua, hubana kidevu kifuani na kuutandaza mgongo, uzito usije ukaishia shingoni. Mbao za ulingo hazijui kuwa matokeo yamepangwa.

Watanijibu kuwa mambo haya ni ya Wazungu, kwetu hayapo. Basi na waifuate barabara hii ipitayo Tunguu hadi Makunduchi, mwezi wa Julai, siku ya Mwaka Kogwa. Watawaona wanaume wa pande mbili wakicharazana kwa mabua ya migomba, wanawake wakiimba, kibanda kikichomwa moto. Na jioni hakuna arudiye nyumbani na taji. Wazee wetu walijua kuwa pigo laweza kupangwa na bado likawa na ukweli ndani yake: chuki za mwaka mzima hutolewa, zikaisha. Lakini waliligawa pigo kwa wote. Kosa la mieleka ya biashara si kupanga matokeo. Kosa lake ni kuwatwisha watu wale wale kuanguka kila usiku, kisha kuwanyima jina.

Na sisi wa kalamu tusijitoe. Katika malumbano ya mashairi, nani humkumbuka aliyetunga swali, bingwa akapata la kujibu? Mimi nimejifundisha ufasiri mwenyewe, bila shule, nami naijua hali hiyo: tafsiri ikipendeza, sifa ni za mtunzi, ikichacha, lawama ni zangu. Silalamiki, kwani kazi hii niliichagua. Lakini aliyechagua kubeba hajachagua kudharauliwa.

Kwa hiyo nadai jambo dogo. Tuandikapo habari za pambano, liwe la ngumi, la ngoma au la mashairi, tumtaje aliyeshindwa kwa jina lake kamili, na tueleze alichokifanya kabla hajaanguka. Waandaaji nao wamlipe ujira wa fundi, si wa kuokotwa njiani.

Kijana yule nimemwambia aje na saa siku nyingine. Azihesabu mwenyewe sekunde za anayeanguka, asingoje kutangaziwa.