PIPA LINASEMA, LAKINI HALISEMI KISWAHILI



Maji ya Javel kila mama anayajua. Ile ya nyumbani ina klori karibu 5 kwa mia. Unga mweupe wa kusafisha maji, unaofika kazini ndani ya mapipa, una 65 hadi 70. Jina lake ni kalisiumu hipokloriti.

Unga huu wenyewe hauwaki, lakini unalisha moto. Kitambaa chenye grisi, mazuti au vumbi la mbao vikigusana nao vinaweza kushika moto bila kiberiti. Ukikutana na asidi unatoa hewa ya klori, hewa ile ile Wadachi waliyowafungulia askari wa Ufaransa pale Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 aprili 1915. Na si habari ya vita tu. Tarehe 27 juni 2022, katika bandari ya Aqaba, Yordani, tangi moja la klori lilianguka. Watu 13 walikufa. Basi sisi wa Likasi na Kolwezi, ambao asidi ndiyo inayotutolea shaba kila siku, tutaweka unga huo na asidi chini ya bati moja?

Sasa nauliza: nani anasoma maandishi ya pipa? Yameandikwa Kiingereza, na anayelifungua hajapewa hata mstari mmoja wa Kiswahili. Akiungua, ripoti inasema: uzembe wa mfanyakazi. Mimi ni karani, maneno hayo yameletwa kwa mashini yangu niyapige. Uzembe gani? Mtu hawezi kuvunja sheria asiyosomewa!

Mkataba namba 170, uliofanywa Geneva mwaka 1990, unasema alama za dawa za hatari zieleweke kwa mfanyakazi mwenyewe, tena anayeona hatari kubwa iliyo karibu ana haki ya kuondoka hapo. Hatuombi sadaka.

Wakati tunangoja: tia maji kwanza, unga nyuma, kamwe usimwage maji juu ya unga. Usichote kwa kopo lililokuwa na mafuta. Ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 15 au zaidi, ndipo kwa muganga. Na pipa tupu lisiende nyumbani kuwekwa mazuti, hata kama bei ni nzuri.

Wajumbe wa sendika, katika mkutano unaokuja ulizeni wakubwa neno moja: etiketi ya Kiswahili itabandikwa siku gani?