Kitui na Makueni: Hesabu ya Vichwa Haitoshi

Sensa ya 2019 iliikuta Kitui na watu 1,136,187 na Makueni 987,653. Ukiishia hapo, utadhani kaunti hizi mbili ni pacha. Sasa tandaza watu hao ardhini: Makueni wapo kama 121 kwa kila kilomita ya mraba, Kitui 37 tu. Kitui ni pana zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na upande wa kusini imepakana na mbuga ya Tsavo Mashariki.

Upana huo ndio unaoumiza. Makueni ilipomegwa kutoka Machakos mwaka 1992, na makao yake kuwa Wote, huduma zilisogea karibu na wakazi. Lakini katika kaunti ya Kitui, mkazi wa Tseikuru bado ana safari ndefu kufika mjini Kitui, na mvua ikinyesha, mito ya mchanga hugeuka ghafla kuwa ya maji.

Na hata karibu na kwake, aende kwa nani? Chifu ni wa Serikali ya Kitaifa, msimamizi wa wadi ni wa gavana. Mwananchi hajali nani kamwajiri nani. Anataka karatasi yake itiwe sahihi.

Upana huo unahitaji fedha pia. Mwaka 2020 Seneti ilivutana wiki kadhaa kuhusu ugavi wa fedha kwa kaunti, hatimaye ikaupa wingi wa watu asilimia 18 na ukubwa wa ardhi asilimia 8. Kwa Kitui, nane ni kidogo. Gari la wagonjwa linalokwenda Kyuso halinywi mafuta kwa idadi ya vichwa.