Usiuonee udongo wa Garsen

Anayetaka kujenga Garsen siku hizi huambiwa, hata kabla ya kupima kiwanja, ajenge nyumba ya kudumu. Maana yake matofali ya simiti na mabati. Nimeyasikia hayo Minjila na Ngao, na nayapinga, kwa kuwa yanawamaliza watu pesa na kuwaachia joto.

Dai zito ni kwamba nyumba ya udongo huyeyuka Mto Tana ukifurika. Kweli, ukuta wa kukandika ukishinda majini siku kadhaa huporomoka. Wazee wanaukumbuka mwaka 1961, watu wazima El Niño ya 1997, na mafuriko ya 2018 hata vijana wanayasimulia. Lakini tazama kinachobaki maji yakishuka. Paa la nyumba hiyo hubebwa na nguzo, ukuta hujibeba wenyewe tu. Nguzo zikichimbiwa vizuri, mifupa ya nyumba hubaki wima, na mto wenyewe umekuletea tope la kukandikia upya. Matofali nayo, yakipandishwa bila msingi wa maana juu ya ule udongo mweusi unaofura masika na kupasuka kiangazi, hupata nyufa hata mwaka usio na mafuriko. Maji yakichimba chini yake, ukuta huanguka pamoja na paa.

Kinachookoa nyumba ni kimo cha mahali ilipo. Inua kiwanja kwa kifusi kilichoshindiliwa, anza ukuta kwa safu za mawe au matofali yaliyookotwa kwenye magofu, kisha toa upenu mpana. Mahali ambapo maji hurudi kila baada ya miaka michache, lima mpunga. Usilaze watoto hapo, iwe kwa udongo au kwa simiti. Waorma waliliona hili zamani: wanawake wao husuka nyumba za fito zilizopindwa, zikavunjwa na kuhamishwa.

Wanaosema bati ni bora wana hoja moja nzuri: hukinga maji ya mvua. Basi liwekwe, ila lisiachwe tupu. Garsen iko nyuzi mbili na kidogo kusini mwa ikweta, na jua la mchana hupiga paa karibu wima mwaka mzima. Tandika dari ya mikeka ya mkoma, acha nafasi hewa ipite kati yake na bati. Pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni likutane na kuta fupi. Madirisha ya pande hizo ndefu yatapokea kusi, na msimu ukigeuka, kaskazi.

Eti tutamaliza miti? Kwa mikoko ya Kipini naikubali hofu hiyo, wala sishauri mtu anunue boriti huko. Fito zipo kwenye mathenge, mti mgeni uliovamia malisho ya Tana River. Kila unaokatwa ni nafuu kwa mfugaji. Uambuliwe magome kwanza, wadudu wasijifiche.

Na wanaoona haya kutumia vitu vya zamani, wamuulize fundi. Mlango wa mbao ngumu uliotoka kwenye nyumba iliyobomolewa umeshakauka miaka mingi. Haupindi tena.