Mpelelezi anayesema Kiswahili

Wamama wenzetu, Columbo tunampenda, na koti lake lililochakaa. Lakini kwenye tele yetu anasema Kifaransa, na watoto wanaotutafsiria wanaruka maneno. Halafu esansi ya jenereta inaisha kabla muuaji hajashikwa. (Heri Columbo, muuaji tunamwona tangu mwanzo.)

Sasa tumempata Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja, kiko mdomoni. Muhammed Said Abdulla alimwandika katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu cha mwaka 1960. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine tunamenya karanga na kubishana nani mwongo. Mama mmoja asiyekanyaga shule anatushinda sote kwa kukisia. Ameomba afundishwe herufi. Kitabu ni kimoja tu, na wenzetu wa Kabambare wanakingojea.