Chupa ya Soda Isitiwe Sumu

Bwana mkulima, na wewe mama wa shamba, hebu ingia jikoni uhesabu chupa za soda zilizomo. Kisha uangalie ni ngapi zenye soda. Katika nyumba nyingi za skimu hutaona hata moja. Moja ina mafuta ya taa, ya pili ina dawa ya kutakatisha nguo nyeupe iliyopimwa dukani, na ya tatu ina dawa ya kupe iliyobaki, imezibwa kwa gunzi la mahindi.

Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Yeye ajua jambo moja tu juu ya chupa ile: siku ya sikukuu baba alileta moja kama hiyo, na kilichokuwa ndani kilikuwa kitamu. Basi akiikuta chini ya meza atakunywa, na kwa kunywa huko hana kosa. Mwenye kosa ni yule aliyetia sumu katika chombo cha kinywaji. Nasema hivi waziwazi kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema kwamba mtoto alikuwa mtundu.

Najua sababu ya mambo haya. Chupa nzima yenye karatasi yake ni ghali kuliko kipimo cha kikombe, na mwenye duka ana mtungi mkubwa nyuma ya meza. Simlaumu anunuaye kidogo kidogo. Wengi wetu twangoja malipo ya maziwa mwisho wa mwezi. Lakini kununua kidogo hakumlazimishi mtu kubeba chupa ya soda. Tafuta kidumu kimoja ambacho hakijapata kutiwa kinywaji wala hakitatiwa kamwe, ukipake rangi nyekundu, uandike jina la dawa juu yake, na upeleke hicho dukani kila mara. Dawa ya kupe, au ya wadudu wa mimea, usikubali kabisa kupimiwa. Maagizo ya kuichanganya yako kwenye karatasi ya chombo chake, na ukiiacha karatasi dukani umeacha nusu ya dawa.

Wazee wanakumbuka kwamba skimu zilipoanza miaka ya 1960, ng'ombe walipelekwa joshoni, na dawa ilikaa huko huko. Siku hizi majosho mengi yamekufa, na kila mtu ananyunyizia ng'ombe wake nyumbani kwa pampu. Sumu imehama joshoni ikaja kulala chini ya kitanda. Ajabu ni kwamba banda la kuku lina kufuli, na pipa la mahindi lina kufuli! Sanduku la mbao lenye kufuli, lililopigiliwa ukutani juu kuliko mkono wa mtoto aliyepanda kiti, laweza kutengenezwa na fundi yeyote wa kijiji kwa mabaki ya mbao. Lisiwe katika stoo ya chakula, wala karibu na mikebe ya maziwa. Ndani yake yakae yote: mafuta ya taa, dawa za kufulia na za choo, dawa za mifugo, na ile soda kali wanayoitumia akina mama kutengeneza sabuni. Hiyo soda kali ikimezwa huunguza koo, na kovu lake laweza kuziba njia ya chakula hata baada ya mtoto kuonekana amepona.

Kuna wanaofikiri kwamba dawa mbili zikichanganywa husafisha mara mbili. Hapana. Dawa ya kutakatisha nguo ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa klorini, gesi ile ile ambayo jeshi la Wajerumani liliwafungulia askari wa adui huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Katika choo chenye mlango mmoja, haihitaji kuwa nyingi kukuumiza. Hata mkojo wa ndama ukichanganyika na dawa hiyo hutoa hewa mbaya ya kuchoma kifua, kwa hiyo mwaga maji mengi bandani kwanza, kisha ndipo utie dawa. Wala usiichanganye na maji ya moto, maana utaiua nguvu yake bure.

Na mtoto akishakunywa je? Hapa nyanya atasema atapishwe, au amiminiwe maziwa mengi. Kwa heshima zote, usikubali. Mafuta ya taa huua kwa kuingia katika mapafu, na kutapika ndiko kunakoyapeleka huko. Soda kali nayo ikirudi juu huunguza koo mara ya pili. Mpanguse kinywa, mvue nguo zilizolowa, usimpe kitu cha kumtapisha, na umpeleke hospitali upesi, hata kama anacheka na kucheza, kwa maana kifua chaweza kuanza kumsumbua saa kadhaa baadaye. Ikiwa ni jicho, lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi kabla ya kuanza safari.

Chukua na chombo chenyewe uende nacho. Daktari atataka kusoma jina la dawa, na kwenye chupa ya soda hataliona.