Maneno ya Mkopo na Riziki ya Changamwe

Katika Changamwe, riziki ya nyumba nyingi hutoka kwenye kontena: dereva wa lori na utingo wake, kuli, fundi wa magurudumu, mwenye kibanda cha chakula. Ndiyo maana, ilipotolewa amri mwaka 2019 kwamba mizigo ya bara isafirishwe kwa reli mpya hadi Nairobi, wakazi wa Mombasa waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Wapo waliowaita wapinga maendeleo. Tuhuma hiyo haina msingi. Kilichowaudhi ni kutakiwa kuilipia reli kwa riziki yao, kwani mizigo ilihitajika ili deni la Benki ya Exim ya China lilipike.

Mahakama Kuu iliibatilisha amri hiyo mwaka 2020. Mwaka 2022 serikali mpya iliirejesha Mombasa shughuli ya kutoa mizigo, kisha ikaiweka hadharani mikataba ya mkopo. Humo mna sharti la siri, na migogoro huamuliwa Beijing. Lugha yake, bila shaka, ni Kiingereza. Wanafunzi wa Kiswahili wanaohangaikia istilahi za isimu wangeitafsiri kwanza mikataba hiyo, kuli aliyeilipia apate kuisoma.