Nywele za Panjani Zikianza Kupungua

Mwanamke aonapo nywele zake zinapungua, mara nyingi jambo la kwanza afanyalo ni kuficha. Hufunga kitambaa, huvaa wigi, au huongeza rasta na kuzikaza ili pengo lisionekane. Kwa kufanya hivyo huenda akakizidisha kile kile kilichomdhuru.

Yafaa ieleweke kwamba si kila nywele ing'okayo ni dalili ya ugonjwa. Kichwa cha mtu mzima huwa na nywele zipatazo 100,000, na kupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku ni kawaida. Mama aliyejifungua huweza kuona zikitoka kwa wingi miezi 2 hadi 4 baada ya uzazi. Hizo kwa kawaida hurudi zenyewe. Homa kali, upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya shingoni pia huzipunguza, na hapo kinachotibiwa ni ugonjwa wenyewe.

Madhara yaonekanayo sana kwa wanawake wa Kiafrika ni yale ya kuvutwa. Msuko uliokazwa na rasta nzito huvuta mizizi siku baada ya siku, hasa nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha. Huanza kwa maumivu na vipele vidogo kando ya uso, kisha nywele za panjani hupungua. Hata majeshini jambo hili limeonekana: mwaka 2021 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani liliwaruhusu askari wake wa kike kufunga nywele kwa namna isiyokaza, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba fundo la kila siku liliwaharibia nywele.

Tiba ya kwanza haina gharama, nayo ni kulegeza. Akina mama wasukanapo kambini jioni, wasikaze kando ya uso. Msuko uumao ufumuliwe siku hiyo hiyo, wala usivumiliwe kwa vidonge vya maumivu. Rasta zisizidi wiki 6 hadi 8, kisha kichwa kipumzishwe. Mizizi ikiwa hai, nywele hurudi pole pole, kwani hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi. Zikivutwa miaka mingi, ngozi hufanya kovu, na penye kovu hapaoti kitu, hata yapakwe mafuta ya bei gani.

Iwapo nywele zinapungua utosini, au ngozi inawasha na kuuma, mwanamke aende hospitali. Pengine ni mapunye, ambayo huhitaji vidonge vya kumeza. Pengine ni hali ya kurithi, ambayo hupunguzwa kwa dawa ya kupaka iitwayo minoksidili. Faida yake huonekana baada ya miezi 4 hadi 6, hupotea dawa ikiachwa, na wajawazito na wanaonyonyesha hawashauriwi kuitumia.

Baba naye asiihesabu nauli ya hospitali kuwa ni fedha ya urembo.

Walio wa kuangaliwa zaidi ni mabinti wadogo, ambao mizizi yao bado ni mizima. Binti anayelia akisukwa asikaripiwe kwamba anadeka. Kichwa chake kinauma kwa sababu nywele zinavutwa, alegezewe.